Nafasi ya Wazazi katika Uendeshaji wa Elimu ya Awali

Utangulizi

Mwalimu mwanafunzi aendapo katika mazoezi ya kufundisha, aghalabu hukutana na wazazi katika hali tatu: mtoto anapoandikishwa, mtoto anapougua, na shule inapohitaji kitu. Katika hali hiyo ya tatu wazazi huitwa, hupewa taarifa ya jambo lililokwisha kuamuliwa, huombwa mchango, kisha huagwa. Wao huitikia kwa heshima, nao mkutano hufungwa. Jioni mwalimu huandika katika daftari lake kwamba wazazi wameshirikishwa. Makala haya yanakusudia kuuchunguza usemi huo na kuuliza kama ni wa kweli.

Swali letu ni hili: Je, mzazi wa mtoto mdogo aweza kuwa na sehemu gani katika kuuendesha mpango wa elimu ya awali, si kwa kuuchangia tu, bali kwa kuamua mambo yake? Ili kulijibu tutasoma kwanza habari za mpango wa Head Start wa Marekani, ulioanza mwaka 1965. Mpango huo unafaa kwa somo letu kwa kuwa mamlaka ya wazazi yameandikwa ndani ya sheria yake, na yamejaribiwa kwa muda wa miaka 60 hivi. Pili tutatazama shule za awali za Madrasa katika pwani ya Afrika Mashariki, ambazo zilifika mahali panapokaribiana na hapo kwa njia nyingine. Mwisho tutaeleza hatua ambazo mwalimu aweza kuzifuata shuleni kwake.

Labda mwalimu wa shule ya msingi atauliza jambo hili linamhusu vipi. Jibu si gumu. Nchini Tanzania, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliitambua elimu ya awali kuwa sehemu ya mfumo rasmi wa elimu, na leo darasa la awali limo ndani ya uwanja wa shule ya msingi. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi kaunti jukumu la elimu hiyo, lakini madarasa yenyewe mara nyingi yako katika viwanja vya shule za msingi. Kwa hiyo mzazi wa mtoto wa awali ndiye mgeni mpya kuliko wote shuleni. Namna anavyopokewa mwaka huo wa kwanza ndiyo itakayoamua kama ataijua shule kuwa yake au ya wengine.

1. Tofauti baina ya kusaidia na kuamua

Yafaa tutenganishe daraja tatu za ushirikiano. Daraja ya kwanza ni kupashwa habari: mzazi huambiwa shule itafungwa lini na mtoto anaendeleaje. Daraja ya pili ni kusaidia: mzazi huleta kuni, hufyeka majani, hupika uji, husimulia hadithi darasani. Daraja ya tatu ni kuamua: mzazi hushiriki katika kupanga fedha zitumikeje, watoto gani wapokewe kwanza nafasi zikiwa chache, na mfanyakazi gani aajiriwe.

Daraja hizo zote ni njema, wala hakuna inayoondoa nyingine. Kosa letu walimu ni kuiita daraja ya pili kwa jina la daraja ya tatu. Kipo kipimo kimoja chepesi cha kutambua tofauti. Jiulize: wazazi wangesema "la", jambo hili lingebadilika? Ikiwa jibu ni hapana, basi wazazi hawakuamua. Walikuwa mashahidi tu.

Zipo sababu mbili za kumtaka mzazi katika daraja ya tatu. Kwanza ni ujuzi. Mzazi ajua mtoto wake anaamka saa ngapi, anakula nini, anaogopa nini, na anasema lugha gani nyumbani. Mpango unaopangwa bila ujuzi huo hukosea katika mambo madogo ambayo kwa mtoto wa miaka 4 ni makubwa. Pili ni haki. Mtoto wa umri huo hawezi kujisemea mbele ya wakubwa, na wahenga walisema kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Mzazi asipokuwapo panapoamuliwa mambo, mtoto naye hayupo.

2. Chimbuko la Head Start

Mwaka 1964 serikali ya Rais Lyndon Johnson ilipitisha sheria ya kupambana na umaskini nchini Marekani. Sheria hiyo iliagiza kwamba mipango itakayoanzishwa iendeshwe kwa kuwashirikisha wakazi wa mahali penyewe kwa kadiri yote inayowezekana. Mpango mmojawapo ulikuwa Head Start, jina ambalo maana yake ni kutangulia njiani kabla ya wenzako. Kamati iliyouandaa iliongozwa na daktari wa watoto, Robert Cooke, na miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo mwanasaikolojia Edward Zigler. Katika kiangazi cha mwaka 1965 watoto zaidi ya 500,000 wa familia maskini waliandikishwa kwa muda wa wiki 8. Walifundishwa, walilishwa, walipimwa afya na kutibiwa meno.

Tangu mwanzo palikuwa na fikira mbili juu ya wazazi. Wengine waliwaona wazazi maskini kuwa wanafunzi wa pili wa mpango: nao wafundishwe malezi bora. Wengine walisema kwamba mtu maskini hakosi akili, bali hukosa mamlaka. Basi apewe sehemu katika uongozi, na kwa kuongoza atajifunza mengi kuliko kwa kuhutubiwa. Fikira hizo mbili zimeendelea kuvutana ndani ya mpango huo, na mwalimu msikivu atazisikia hata katika chumba cha walimu cha shule yake.

3. Yaliyotokea Mississippi

Jimbo la Mississippi lilikuwa mahali ambapo fikira ile ya pili ilijaribiwa kwa nguvu zaidi. Mwaka 1965 Wamarekani weusi wa jimbo hilo walikuwa bado wakizuiwa kupiga kura, na shule zao zilitengwa na kunyimwa vifaa. Katika hali hiyo likaundwa shirika lililoitwa Child Development Group of Mississippi, likapewa fedha za Head Start. Katika kiangazi hicho cha kwanza lilifungua vituo zaidi ya 80 kwa watoto wapatao 6,000. Vituo vilikuwa katika makanisa na kumbi za vijijini. Kamati za wazazi na majirani zilichagua wafanyakazi, na wengi wa waliochaguliwa kuwalea na kuwafundisha watoto walikuwa wanawake waliozoea kazi za mashamba ya pamba au kazi za nyumbani kwa matajiri. Wengi wao hawakuwa na vyeti.

Mageuzi hayo hayakuwapendeza watawala wa jimbo. Mwanamke aliyekuwa akilipwa ujira mdogo sasa alipata mshahara wa haki, wala hakumtegemea tena mwenye shamba. Seneta John Stennis wa Mississippi alilishutumu shirika hilo kwamba lilitumia vibaya fedha za serikali, na wakaguzi wakatumwa. Kweli, kasoro zilionekana katika uwekaji wa hesabu, kama inavyotarajiwa katika kazi iliyoanzishwa kwa haraka na watu ambao hawakuwahi kukabidhiwa fedha za umma. Februari 1966 watoto na walimu wao walisafiri kwa basi hadi Washington, wakaimba na kucheza katika chumba cha kamati ya Bunge ili wabunge wajionee kazi inayofanyika. Fedha zikatolewa tena. Oktoba mwaka uleule serikali ikatangaza kwamba haitaendelea kulisaidia shirika hilo, na ni baada ya malalamiko mengi nchini ndipo msaada uliporejeshwa kwa masharti makali zaidi.

Tujifunze mambo mawili. La kwanza ni kwamba wazazi wasio na vyeti waliweza kufungua na kuendesha vituo vya watoto katika muda mfupi, mahali ambapo wenye vyeti walikuwa hawajafanya hivyo. La pili ni onyo. Wale ambao hawakuyapenda mamlaka ya wazazi hawakuhitaji kuyapinga wazi. Iliwatosha kushika daftari la hesabu. Mali bila daftari, hupotea bila habari. Na pamoja na mali yaweza kupotea haki ya kuongoza. Mwalimu anayewapenda wazazi wa shule yake hawafichi hesabu ati kwa kuwa ni ngumu. Huwafundisha kuzisoma, kwa sababu hesabu safi ndiyo ngao yao.

4. Mamlaka yaliyoandikwa

Baada ya miaka mitano ya mvutano, mwaka 1970 ulitolewa mwongozo ulioeleza wazi nafasi ya mzazi katika Head Start. Mwongozo huo ulitaja njia nne za kushiriki: kuamua mambo ya mpango, kuwamo darasani, kwa ajira, kwa kujitolea au kwa kutazama, kuwa na shughuli za wazazi ambazo wao wenyewe wamesaidia kuzipanga, na kushughulika na mtoto wao nyumbani. Tazama kwamba kuamua kuliwekwa pamoja na hayo mengine, wala hakukuachwa kuwa hisani ya msimamizi.

Utaratibu ulivyo sasa, kwa mujibu wa sheria iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2007 na kanuni za mwaka 2016, ni wa ngazi tatu. Katika kila kituo huwapo Kamati ya Wazazi. Juu yake huwapo Baraza la Sera, ambalo wajumbe wake huchaguliwa, na walio wengi sharti wawe wazazi wa watoto wanaosoma wakati huo. Wengine hutoka katika jamii. Pembeni mwa Baraza huwapo bodi ya uongozi, yenye wajibu wa kisheria na wa fedha; humo hutakiwa kuwamo mtu mwenye ujuzi wa hesabu, mwenye ujuzi wa elimu ya watoto wadogo, na mwanasheria.

Baraza la Sera huidhinisha mambo makubwa kabla hayajapelekwa katika bodi: maombi ya fedha, mpango wa bajeti, utaratibu wa kuwapokea watoto, kanuni za ajira pamoja na vigezo vya kuajiri na kuachisha kazi, na taratibu za kuwachagua wajumbe wenyewe. Baraza na bodi zisipoafikiana, ni lazima pawe na utaratibu ulioandikwa wa kusuluhisha. Hii ndiyo alama ya mamlaka ya kweli. Mahali ambapo wazazi hawana mamlaka, hakuna haja ya utaratibu wa usuluhishi, kwa kuwa mabishano hayawezi kutokea.

Yapo mambo mengine manne ambayo mwalimu afaa ayaangalie kwa makini.

(a) Taarifa. Kila mwezi bodi na Baraza hupewa taarifa ya fedha, idadi ya watoto walioandikishwa, na hesabu ya milo iliyotolewa. Mzazi hafiki mkutanoni mikono mitupu.

(b) Gharama. Mjumbe mwenye kipato kidogo hurudishiwa gharama halali za kuhudhuria, mathalani nauli. Hii si posho ya kumnunua, kwani mjumbe halipwi kwa ujumbe wake. Ni kuondoa kizuizi ili umaskini usiwe mlinzi wa mlango.

(c) Muda. Mjumbe huchaguliwa kwa mwaka mmoja, naye akitaka kuendelea hurudi kwa wapiga kura. Hata hivyo vipindi vyake havizidi vitano. Kwa njia hii kiti hakigeuki kuwa urithi.

(d) Mgongano wa faida. Mjumbe haruhusiwi kuwa na maslahi yake binafsi katika mambo anayoyaamua.

Aidha, saa ambazo wazazi hujitolea huweza kuthaminiwa kwa fedha na kuhesabiwa katika sehemu ya gharama ambayo jamii yenyewe inatakiwa kuichangia. Ni jambo la busara. Kazi ya mama aliyepika kwa asubuhi tatu huonekana katika vitabu, haipotei kama moshi.

5. Njia ya pwani yetu: shule za awali za Madrasa

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya ng'ambo pekee. Mapema katika miaka ya 1980, viongozi wa Kiislamu wa pwani ya Kenya walimwomba Aga Khan msaada kwa ajili ya elimu ya watoto wao, waliokuwa wakianza shule ya msingi wakiwa nyuma ya wenzao. Kazi ilianzia Mombasa, na mwalimu Bi Swafiya Said alikuwa kiini chake. Wazo lilikuwa kuitumia madrasa, chombo ambacho jamii ilikuwa nacho tayari na kukiamini, kuwa makao ya elimu ya awali yenye michezo, lugha, hesabu na mafunzo ya dini kwa pamoja. Baadaye kazi ilienea Zanzibar mwaka 1990, na Uganda mwaka 1993.

Linalotuhusu hapa ni utaratibu wa umiliki. Kituo cha mafunzo hakikujenga shule kisha kuwakabidhi watu ufunguo. Kwanza yalifanyika mazungumzo marefu na jamii. Jamii ikiridhika, iliunda kamati, ikatafuta chumba, ikachagua wanawake wa palepale wapate mafunzo ya ualimu, nao wajibu wa kila upande ukaandikwa katika mkataba. Wanawake walitakiwa kuwamo katika kamati, si walimu tu bali waamuzi. Vifaa vya kuchezea vilitengenezwa kwa vitu vya karibu, kama vifuu vya nazi, makombe ya pwani na vitambaa, kiasi kwamba mzazi aliyeingia darasani alikuta vitu anavyovijua.

Ukilinganisha na Head Start utaona tofauti. Kule mamlaka ya wazazi yalitokana na sheria ya taifa. Huku yalitokana na mapatano na jamii. Kule serikali ndiyo ilitoa sehemu kubwa ya fedha; huku jamii ilibeba mzigo mkubwa yenyewe, na ada ndogo za wazazi ndizo zilizowaweka walimu. Lakini pande zote mbili zinakubaliana katika jambo moja: nafasi ya mzazi iliandikwa kabla kazi haijaanza. Haikungojewa ukarimu wa mwalimu.

6. Kazi ya mwalimu: hatua za kufuata

Mwalimu mgeni hana uwezo wa kutunga sheria, wala hawezi kubadili muundo wa kamati ya shule uliowekwa na serikali. Lakini aweza kuongoza mambo ya darasa la awali kwa namna itakayowapa wazazi sauti ya kweli, kwa idhini ya mwalimu mkuu na ndani ya kanuni zilizopo. Hatua zifuatazo zitamsaidia.

Hatua ya kwanza: Wajue wazazi kabla ya kuwaita. Tembelea nyumba chache kila juma. Amkia kwa desturi ya mahali, shikamoo kwa mkubwa, na mwite mzazi kwa jina la mtoto wake, Mama fulani au Baba fulani. Usiende na daftari la michango mkononi. Wakumbuke pia bibi na babu, maana watoto wengi hulelewa nao.

Hatua ya pili: Chagua saa ya wazazi, si saa yako. Penye wakulima usiite mkutano asubuhi ya msimu wa kupalilia. Penye wavuvi uliza habari za maji. Usigongane na siku ya mnada. Weka viti vya watu wazima, kwa mduara. Mzee aliyekunjwa katika dawati la mtoto hawezi kujiona kiongozi.

Hatua ya tatu: Peleka jambo likiwa bado halijaamuliwa, na takwimu zake ziwe wazi hata kwa asiyejua kusoma.

Hatua ya nne: Tafuta sauti ya wanyamavu. Pengine wanawake hawasemi mbele ya wazee wa kiume. Waache watu wazungumze kwanza katika vikundi vidogo, kisha kila kikundi kitoe maoni yake. Jambo likiwa gumu, kura ya siri yaweza kupigwa kwa punje: harage ni ndiyo, hindi ni hapana, katika chungu kimoja kilichofunikwa.

Hatua ya tano: Andika muhtasari, na mkutano unaofuata uanze kwa kuusoma kwa sauti. Wazazi wakisikia kwamba neno lao la mwezi uliopita limetekelezwa, watakuja tena. Wakisikia halikutekelezwa bila sababu, watakuja wachache, na mwezi wa tatu utabaki na mwenyekiti na katibu.

Tuchukue mfano wa kubuni ili hatua hizi zionekane. Darasa lina watoto 40, na mwalimu ataka wapate uji siku zote 60 za masomo za muhula. Amekadiria gramu 50 za unga kwa kila mtoto kwa siku. Hiyo ni kilo 2 kila siku, na kilo 120 kwa muhula, yaani kilo 3 kwa kila mtoto. Mkutanoni ameweka mbele ya wazazi mawe madogo 12, kila jiwe likiwa kilo 10 za unga, ili wote waione hesabu. Yeye mwenyewe amekuja na pendekezo: kila mzazi atoe fedha, naye atanunua unga dukani.

Baba mmoja asema, "Mwalimu, fedha hatuna mwezi huu, lakini mahindi yamo ghalani. Tuletee kipimo, tulete nafaka." Mama mmoja aongeza kwamba mahindi pekee hayatoshi, uchanganywe ulezi. Mwingine auliza, "Na mashine ya kusaga atalipa nani?" Mwalimu alikuwa amesahau gharama za kusaga. Ndipo bibi mmoja, ambaye hajasema kitu tangu mkutano uanze, ainua mkono.

"Shikamoo bibi, tafadhali sema," mwalimu asema.

"Marahaba mwanangu. Mimi nalea wajukuu watatu, na shamba langu ni dogo. Mtoto ambaye kwao hawakuleta nafaka, atakunywa uji au atatazama wenzake wakinywa?"

Hilo ndilo swali la uongozi. Si swali la unga; ni swali la shule hiyo ni ya nani. Wazazi wanaweza kuamua kwamba kila mtoto atakunywa, kwamba asiye na nafaka atachangia kuni au zamu ya kupika, na kwamba hakuna jina litakalosomwa hadharani. Tazama jinsi pendekezo la mwalimu lilivyobadilika: fedha zimekuwa nafaka, mahindi yameongezewa ulezi, gharama ya kusaga imeonekana, na mtoto wa maskini amelindwa. Kwa kipimo tulichokiweka mwanzoni, wazazi hawa wameamua. Tena mpango wao ni bora kuliko ule wa mwalimu.

7. Mipaka ya mamlaka

Kuwapa wazazi mamlaka si kumwondolea mwalimu taaluma yake. Yako mambo yasiyopigiwa kura. Wazazi hawawezi kuamua kwamba mtoto mwenye ulemavu asipokewe, wala kwamba watoto wachapwe ili wanyamaze. Haki na usalama wa mtoto vimewekwa na sheria. Habari za siri za mtoto au familia yake hazijadiliwi hadharani. Mjumbe anayeuza kuni asikae katika kikao kinachochagua muuzaji wa kuni.

Yapo pia mambo ya ufundi ambayo huleta ubishi. Mara nyingi wazazi hutaka watoto wa miaka 4 wakae kimya wakinakili herufi asubuhi nzima, kwani wao wenyewe waliifahamu shule kuwa hivyo. Mwalimu akijibu, "Mimi ndiye niliyesomea," atakuwa amefunga mlango. Afadhali awakaribishe wakae darasani saa moja, watazame mtoto akipanga vifuu kwa ukubwa, kisha aulize, "Hapa mtoto amejifunza nini?" Wakiona wenyewe kwamba kupanga, kulinganisha na kuhesabu ni hesabu, hoja itakuwa imejibiwa bila mashindano. Na pengine mwalimu naye atajifunza. Wazazi wakidai kwamba mtoto ajue kuandika jina lake kabla hajaingia darasa la kwanza, dai hilo si la ujinga.

Hatari nyingine ni kamati kutekwa na wachache: mwenye duka, mtu mwenye usemi, jamaa wa mwenyekiti. Dawa yake tumeiona katika Head Start: uchaguzi wa kila mwaka, ukomo wa vipindi, na wajumbe walio wengi wawe wazazi ambao watoto wao wamo darasani leo.

Hitimisho

Tumeona kwamba wazazi wenye elimu ndogo ya darasani waliweza kuendesha vituo vya watoto, huko Mississippi na hapa pwani. Tumeona pia kwamba uwezo huo haukusimama peke yake. Uliegemea nguzo tatu: mamlaka yaliyoandikwa, taarifa inayoeleweka, na kuondolewa kwa vizuizi vya kuhudhuria. Nguzo moja ikikosekana, mzazi hubaki mgeni wa heshima.

Mwalimu mwanafunzi, mwaka wako wa kwanza kazini hutakuwa na uwezo juu ya mambo mengi. Lakini siku utakapowaita wazazi wa darasa la awali, itakuwa juu yako kuchagua kama utawapelekea jambo lililokwisha au jambo lililo bichi. Wapelekee lililo bichi. Kisha mkutano ukiisha, kabla hujaandika kwamba wazazi wameshirikishwa, jiulize ni neno gani lao lililobadili mpango wako. Ukilikuta, liandike hilo.

Maswali ya kujadiliana

1. Fikiri mkutano mmoja wa wazazi uliowahi kuushuhudia. Ni mambo gani yaliamuliwa pale, na ni yapi yalitangazwa tu?

2. Kwa nini utaratibu wa kusuluhisha mabishano ni alama ya mamlaka ya kweli? Toa mfano wa ubishi ambao waweza kutokea baina ya mwalimu mkuu na wazazi wa darasa la awali, na ueleze namna ya kuusuluhisha.

3. Linganisha asili ya mamlaka ya wazazi katika Head Start na katika shule za awali za Madrasa. Ni ipi kati ya njia hizo yafaa zaidi katika mazingira ya chuo chako, na kwa nini?

4. Kwa vikundi vya watu watano, igizeni mkutano wa uji. Mmoja awe mwalimu, mmoja bibi, mmoja mwenye duka, na wawili wazazi wakulima. Baada ya igizo, watazamaji waseme ni nani hakusikika, na mwalimu angefanya nini ili asikike.

5. Andaa taarifa ya mapato na matumizi ya mwezi mmoja ya darasa la awali, kwa namna ambayo mzazi asiyejua kusoma ataielewa kwa kutazama na kuhesabu vitu.